Naombeni ushauri: nina mbalanga, na anayetaka kunioa anakusudia kutuma mshenga kabla hajaiona ngozi yangu

Fundi wa Ngamiani

Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ushauri wa watu waliotulia, hasa mlio katika ndoa na mnaoijua hali hii kwa karibu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, fundi cherehani hapa Tanga, na nina mbalanga tangu nilipokuwa darasa la saba. Ilianza kwa doa dogo jeupe pembeni mwa mdomo, ambalo mama alidhani ni choa, kisha ikatokea kwenye vidole vya mikono yote miwili, ikafuata viwiko, magoti na miguu. Usoni imezunguka mdomo na jicho la kushoto. Haiwashi, haiumi, wala hainizuii kufanya kazi yoyote.

Kinachonitesa ni macho ya watu. Ninapompima mteja kiuno, natambua ni wakati gani ameviona vidole vyangu, kwa sababu hukaza mwili na kusogea nyuma kidogo, na wapo waliokuja na kitambaa kizuri wakaondoka nacho wakisema watarudi kesho. Kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa nikivaa mikono mirefu na soksi hata katika joto la Februari, na kila siku baada ya swala ya Alfajiri huketi mbele ya kioo nikajipaka krimu inayofanana na rangi ya ngozi yangu, na poda juu yake, usoni na katika kila kidole. Adhuhuri inapoingia inanibidi nioshe yote ili nitawadhe, kisha nianze upya, na Alasiri vivyo hivyo. Mafundi wenzangu wanadhani ninakwenda nyumbani kupumzika.

Mwaka jana alikuja mteja ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, anafanya kazi upande wa Chongoleani kwenye mradi wa lile bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Kwao ni Ujiji. Alileta kanzu ipunguzwe, akarudi na suruali, halafu akaanza kupita bila nguo yoyote mkononi. Siku alipokuja kuchukua ile kanzu aliigeuza ndani nje, akaupitisha mshono kidoleni taratibu kutoka kwapani hadi kwenye pindo, akaniambia kwamba katika kazi yake pia mkaguzi huanza na upande ambao mwenye mali hautazami. Nilimpenda kuanzia pale. Tumezungumza sana kwa simu, na tumekaa mara nyingi pale nje ya duka jioni, mafundi wenzangu wakiwapo. Sasa anasema baada ya Idi atatuma mshenga nyumbani, na hajawahi kuniona bila rangi.

Nina sababu ya kuogopa. Uchumba wangu wa kwanza ulivunjika baada ya shangazi wa mchumba kunikuta jikoni nikiosha vyombo, mikono ikiwa wazi. Hakusema neno mbele yangu, lakini wiki ile ile zikaja habari kwamba familia yao haiwezi kuleta ukoma ndani ya nyumba. Mama yangu alilia kuliko mimi.

Rafiki yangu wa karibu ananishauri nijipende mwenyewe kwanza, ndipo nitakapokuwa tayari kupendwa. Ananitakia mema, lakini ushauri huo umenichosha, kwa sababu zipo siku ninapojitazama nikaona niko sawa, na zipo siku ambazo siwezi kabisa, na sijui ni nani atakayenipa cheti kwamba sasa nimefuzu. Je, nisubiri mpaka nijikubali kikamilifu ndipo nizungumze naye? Nimwambie sasa, au baada ya posa kupokewa? Na nimwambie kwa njia gani?

Mume wa Kibaha

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata kwenye uchumba ule. Mke wangu ana mbalanga, kwa hiyo nitakueleza jinsi jambo hili linavyoonekana kutoka upande wa mwanamume anayeambiwa.

Aliniambia mapema, kabla hatujaitana wachumba. Tulikuwa tumekaa mgahawani, na yalipoletwa maji ya kunawa aliomba sabuni, akasugua mikono mpaka rangi yote ikatoka na maji katika beseni yakawa ya kahawia, kisha akaiweka mikono juu ya meza, akaanza kumega ugali kwa mkono ule ule huku akinieleza ilianza lini na imefika wapi. Alizungumza kama mtu anayeeleza kwao ni wapi. Sitakuficha kwamba nilishtuka, na nadhani ilionekana usoni mwangu. Hili ndilo ninalotaka ulishike sana: kushtuka na kukataa ni mambo mawili, na katikati yake kuna siku kadhaa ambazo mwanamume huzihitaji ili apange mawazo yake. Mwachie siku hizo, wala usilihesabu lile la usoni kuwa ndilo jibu.

Jambo la pili ni ndugu. Mama yangu aliuliza, shangazi zangu wakauliza, na kaka yangu mkubwa akaniita pembeni. Kila swali nililijibu mimi. Mke wangu hakuitwa katika kikao chochote kueleza mwili wake, na kama huyo mwenzako ni mtu wa kukufaa, kazi hiyo ataichukua yeye. Ukimwambia, mwambie na hilo pia, kwamba kwa watu wa Ujiji unamtegemea yeye azungumze.

Kuhusu kujipenda kwanza, niliyoyaona nyumbani kwangu hayafanani na anayoyasema rafiki yako. Tulioana akiwa bado anaamka gizani kujipaka kabla sijafungua macho, mimi mumewe ninayeijua kila alama aliyonayo. Nilimwambia mara nyingi kwamba ni mzuri, na nilimaanisha, lakini maneno yangu hayakuondoa lolote. Kilichombadilisha ni kazi. Alianza kuuza samaki wa kukaanga jioni karibu na stendi, na mbele ya karai la mafuta yanayochemka hakuna krimu inayokaa usoni. Siku za mwanzo wapo wateja waliohama. Waliobaki walimzoea upesi kuliko tulivyotarajia, na baada ya muda hata waliohama walirudi, kwa sababu samaki wake walikuwa wazuri. Siku hizi hujipaka tukienda harusini, na anapotaka yeye.

Kwa hiyo usingoje kufuzu. Mwambie kabla mshenga hajapanda basi.

Binti wa Likoni

Nimeyasoma ya ndugu wa Kibaha na ninayaheshimu, ila mimi nina neno tofauti kidogo. Sina mbalanga. Nina kovu la moto linaloanza shingoni hadi kifuani, tangu utotoni, na nimepitia maswali haya haya hapa Mombasa.

Kinachoniudhi ni hali ya mwanamke kuitwa aungame kuhusu ngozi yake kama aliyeiba. Mwanamume anayekuja kuposa anaweza kuwa na madeni, ana hasira, au ana mambo aliyoyaacha huko atokako, na hakuna anayemkalisha kitako ayataje kabla mshenga hajatumwa. Wewe hujafanya kosa lolote. Ukimwita mahali pa faragha, ukatanguliza machozi na kumwomba asikasirike, utakuwa umemfundisha kwamba kukukubali ni hisani anayokufanyia, na hisani ya namna hiyo hudaiwa ndani ya ndoa. Nimewaona wanawake wanaokumbushwa kila ugomvi unapozuka kwamba wenzao wangewakimbia.

Mimi ningeanza kwenye cherehani. Acha kupaka vidole ukiwa kazini, wateja wavione, na yeye avione siku atakayopita kama wanavyoviona wengine. Akiuliza, mjibu kwa sauti ile ile unayotumia kumwambia bei ya kushona kanzu. Asipouliza, basi zungumza wewe. Hapo utakuwa umebadilisha maisha yako kwa ajili yako, na yeye atakuwa ameyakuta yamebadilika.

Watu watakutajia Winnie Harlow, yule mwanamitindo wa Kanada mwenye mbalanga aliyepata umaarufu kupitia shindano la televisheni la Marekani mwaka 2014. Mimi mwenyewe picha zake zilinipa nguvu nilipokuwa msichana, na nafurahi kwamba zipo. Lakini yeye ana wapiga picha na mwanga mzuri, nawe una mteja anayerudi nyuma ukimshika kiuno, na hakuna picha itakayokufanyia kazi hiyo ya kila siku. Ni mazoea tu, ya kwako na ya kwao.

Na kuhusu yule shangazi, usimwache aendelee kukaa kichwani mwako akikutolea hukumu. Alikuwa na hofu na hakuwa na elimu, basi.

Tabibu wa Ngozi

Ndugu Fundi, nimesomea maradhi ya ngozi kwenye kituo cha mafunzo cha kikanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimewafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika na ambako imewahi kutengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Siwezi kutoa uamuzi juu ya ngozi ambayo sijaiona, lakini maelezo yako yanafanana kabisa na mbalanga ya kawaida, na yapo mambo ambayo ni haki yako na ya mwenzako kuyajua kabla ya mazungumzo.

Mbalanga hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizi kwa kugusana, kulala pamoja, kula pamoja wala kuvaa nguo moja. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba inawapata kati ya nusu asilimia na asilimia mbili ya watu duniani, wa kila rangi, ila kwetu sisi weusi inaonekana zaidi kwa sababu ya tofauti ya rangi. Kwa karibu nusu ya wenye nayo huanza kabla ya umri wa miaka 20, kama ilivyokuwa kwako.

Ukoma ni kitu kingine kabisa. Huo unasababishwa na bakteria, na alama yake kubwa ni kwamba baka linakufa ganzi. Mgonjwa akiguswa hapo kwa ncha ya pamba huku amefumba macho, hahisi. Wewe unashika sindano siku nzima kwa vidole vyenye mabaka na bila shaka unahisi kila inapokuchoma. Mwambie hivyo yeyote atakayelitaja neno ukoma nyumbani kwenu. Tena hata ukoma wenyewe unatibika kwa mchanganyiko wa dawa unaotolewa bure, kwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina, kwa hiyo wale walioogopa walikuwa na hofu iliyopitwa na wakati kwa njia mbili.

Swali litakalokuja ni la watoto, na usilikwepe. Kuna mwelekeo wa kurithi, lakini ni mdogo. Watoto walio wengi sana wa mzazi mwenye mbalanga hawaipati. Hata kwa mapacha wa kufanana, ambao wana urithi ule ule, mmoja akiwa nayo mwenzake huipata takriban mara moja kati ya nne tu.

Matibabu yapo ingawa yanahitaji subira. Tunatumia krimu za steroidi kwa muda maalumu na chini ya uangalizi, krimu ya takrolimasi hasa usoni, na mwanga maalumu wa urujuanimno unaotolewa mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi mingi. Uso huitikia vizuri kuliko sehemu nyingine. Midomo na ncha za vidole ni ngumu kutibika, kwa sababu rangi mpya huchipuka kutoka kwenye mashina ya vinyweleo, na huko vinyweleo hakuna. Nakueleza haya ili usije ukauziwa dawa ya kuponya vidole kwa wiki mbili. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu yenye dawa iitwayo ruksolitinibu kwa ajili ya mbalanga, lakini bei yake ni kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Nakushauri pia upimwe tezi ya shingo, kwa kuwa maradhi yake huonekana zaidi kwa watu wenye mbalanga, na hayo yana dawa nzuri.

Sasa onyo mahsusi kwa bibi harusi wa pwani. Usikubali kupakwa piko. Piko nyeusi mara nyingi huwa na kemikali ile ile iliyomo katika dawa za kutia nywele rangi, na kemikali hiyo inaweza kuunguza ngozi na hata kuondoa rangi mahali palipokuwa salama. Mwenye mbalanga ana hatari ya ziada, kwa sababu ngozi yake ikijeruhiwa, baka jipya linaweza kutokea juu ya jeraha lile. Mkorogo wa kusawazisha rangi ni mbaya vilevile, hata kama anayekupa ni ndugu yako. Hina ya majani isiyochanganywa na kitu haina shida kwa watu wengi, lakini ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku mbili.

Maalim wa Pangani

Assalaam alaykum. Nimependa maneno ya binti wa Likoni kuhusu heshima ya mwanamke, na ninayaunga mkono katika namna ya kusema. Katika wakati wa kusema, hata hivyo, ipo sababu ambayo bado haijatajwa, nami nimefundisha fikihi miaka mingi, kwa hiyo ni wajibu wangu niiseme.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayafuata, wameitaja barasi, yaani mbalanga, pamoja na ukoma na wazimu miongoni mwa kasoro zinazompa mwanandoa hiari ya kuomba ndoa ivunjwe, ikiwa mwenzake alikuwa nayo na yeye hakuijua wakati wa kufunga ndoa. Hiari hiyo ni ya pande zote mbili, mke anayo juu ya mume kama mume aliyonayo juu ya mke. Na aliyejua, akaridhika, akafunga ndoa, hiari hiyo hana tena. Tazama basi mwanangu ni nani anayelindwa na ukweli. Ukinyamaza hadi baada ya nikaha, unaingia nyumbani kwa mumeo ukiwa na mlango ambao yeye au ndugu zake wanaweza kuusukuma siku yoyote. Ukisema leo, na yeye akaridhika mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, mlango umefungwa, na hakuna shangazi wa kuja kuufungua.

Mtu asiyaelewe maneno haya kuwa mwenye barasi ana upungufu mbele ya Mwenyezi Mungu, au kwamba hafai kuolewa. Hukumu hii inahusu haki ya kujua katika mkataba, na wanazuoni walioiandika waliishi katika zama ambazo maradhi ya ngozi hayakuweza kutofautishwa kama anavyotofautisha tabibu hapo juu. Mwambie pia baba yako au walii wako yeyote, ili siku ya posa jambo hili litajwe na wazee kwa utulivu, kwa sentensi moja, na wahamie kwenye mahari.

Na juu ya udhu, Mungu akulipe kwa kuiosha rangi ile. Kitu chenye tabaka linalozuia maji lazima kiondolewe, ilhali hina ya majani haina tatizo, kwa kuwa inabaki rangi tu.

Fundi wa Ngamiani

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na naomba radhi kwa kukaa kimya. Nilitaka niwe na la kuwaeleza.

Nilianza kwa ushauri wa binti wa Likoni. Niliacha kupaka vidole kazini, uso nikauacha kama ulivyozoeleka, kwa sababu nilipima nguvu zangu nikaona zinatosha mikono tu kwa sasa. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake. Mwingine, mama mtu mzima anayeshona kwangu sare za wajukuu, alinishika vidole akavigeuza, akaniuliza kama napata maumivu, nikasema hapana, akaendelea na habari za wajukuu wake. Mafundi wenzangu walitazama siku ya kwanza, na jirani yangu wa cherehani akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini nilikuwa naondoka kila Adhuhuri. Tangu hapo tunaswali pamoja pale pale dukani, na muda niliokuwa nikiutumia kupaka vidole mchana nimeurudishia kazi.

Yeye alipopita alikuta mikono yangu iko juu ya kitambaa. Alitazama, hakuuliza, akaketi kwenye benchi kama kawaida. Mimi ndiye niliyezungumza. Nilimweleza imeanza lini, iko wapi mwilini, haiambukizi, na uwezekano wa watoto kuipata ni mdogo ingawa upo. Nikamweleza na habari za uchumba ule uliovunjika. Nilimwambia kwamba sina ninaloomba zaidi ya yeye kujua kabla mtu yeyote hajatumwa kwetu, na kwamba akiamua kuendelea, kwa ndugu zake atajibu yeye. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama jua linaniumiza na kama sindano ikinichoma nahisi. Aliondoka bila kusema zaidi, na siku zilizofuata hakupiga simu kama ilivyokuwa desturi yake. Nilikumbuka maneno ya ndugu wa Kibaha, nikajitahidi kutoyasoma kama jibu, na usiku mmoja nilishindwa, nikalia.

Alipopiga, alisema amezungumza na mama yake Ujiji. Mama aliuliza neno lile lile la ukoma, naye akamjibu kwa hoja ya tabibu, kwamba huyu anashona kwa vidole hivyo hivyo na anahisi kila ncha ya sindano. Mama amesema anataka kuniona mwenyewe, na hakusema zaidi ya hapo.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Ana mtoto wa kike wa miaka saba, yuko Kigoma kwa mama yake mzazi ambaye hawakuoana, na humpelekea matumizi kila mwisho wa mwezi. Alisema alikuwa amepanga kunieleza baada ya posa kupokewa, na kwamba baada ya kunisikiliza ameona haya kuendelea kunyamaza.

Binti wa Likoni, nilikukumbuka sana. Nimekaa siku nyingi nikiamini kwamba katika jambo hili mimi ndiye ninayepimwa, na sasa nakuta kwamba ninao uamuzi wangu wa kufanya, tena mzito. Mtoto mwenyewe si tatizo kwangu, na kusema kweli mtu anayepeleka matumizi bila kukosa ananipa moyo. Linalonikera ni kwamba alitaka nijue baada ya posa, wakati kukataa kungekuwa kumekwisha kuwa aibu kwa familia yangu. Nimemwambia hivyo waziwazi, kwa maneno haya haya. Hakujitetea.

Mshenga nimemwomba asije kwanza. Nataka nizungumze kwa simu na mama wa mtoto, kwa ridhaa ya wote wawili, nijue wameachana vipi na mtoto ataishi wapi tukioana, na baba yangu nimeshamweleza yote mawili, la kwake na la kwangu, kama alivyoshauri Maalim. Baba alisema vijana wa siku hizi tunazungumza mapema kuliko wao walivyozungumza, na akaniuliza huyo mtoto amepelekwa shule au bado.

Tabibu, mwezi ujao natarajia kupanda basi la asubuhi kwenda Moshi kuonana na wataalamu wa ngozi, kwa ajili ya uso na hicho kipimo cha tezi. Vidole nitaviacha kama vilivyo. Naomba unielekeze kama ninahitaji barua ya rufaa kutoka hospitali ya hapa au naweza kwenda moja kwa moja, na kama niache krimu ya kujifunika kwa siku ngapi kabla ya kuonwa, ili ngozi waione vizuri.